Tua, usibwage: namna ya kupiga chuma jimu bila kuvunja sakafu wala kugombana na watu

Wakuu habari za mapambano. Juzi jioni pale ninapopigia tizi huku Nyakato, Mwanza, dogo mmoja mgeni kamaliza seti yake ya bega, kasimama, alafu kaachia dambeli mbili za kilo 20 kutoka usawa wa mabega kama mtu anayekung'uta maji mikononi. Ya kwanza puu, ya pili puu, na hiyo ya pili ikadunda ikabingirika mpaka chini ya benchi ambalo jamaa mwingine alikuwa amelala na kilo 80 juu ya kifua. Bahati jamaa hakushtuka. Mziki unaendelea lakini watu wote kimya, wamemgeukia, na dogo wa watu anatabasamu, anadhani tunashangaa mwili.

Sikumcheka, maana nshawahi kuwa huyo dogo, tena mimi ilinigharimu.

Jimu ya kwanza niliyoanzia ilikuwa ghorofani, maeneo ya Kirumba, unapanda ngazi nyembamba ya pembeni, juu sisi na vyuma vyetu na chini kuna mama anauza vyombo, sufuria, glasi, chupa za chai, masinia ya maua. Tulijua yupo ila hakuna aliyekuwa anamuwaza. Siku hiyo nimevuta dedilifti (ile ya kuvuta chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima) kilo 120 kwa mara ya kwanza maishani, nimefika juu, magoti yamenyooka, washkaji wanashangilia, na mimi kwa furaha nikafungua vidole. Asee. Sakafu ikanguruma kama imemeza kitu, alafu baada ya sekunde moja hivi tukasikia kutoka chini ule mlio wa glasi zinazofuatana, chring chring chring, kimya, kisha moja tena ya mwisho peke yake.

Mama akapanda ngazi taratibu. Hakugomba, na hiyo ndo iliniumiza zaidi. Mkononi kashika chupa ya chai nyekundu ya maua, anaitikisa, ndani kioo kinalia kama kayamba.

"Shikamoo mama," tukasema wote kama darasa la pili.

"Marahaba wanangu. Nani kati yenu kanunua?"

Hakuna aliyeelewa.

"Nauliza nani kanunua glasi dazeni mbili na chupa za chai tatu, maana zimeshatoka kwenye shelfu."

Nililipa 67,000 kwa awamu mbili, na nikashuka na fagio kufagia vioo huku wateja wananiangalia. Chupa moja nilipewa niondoke nayo, nikawa naiwekea kalamu geto. Tangu hapo nikaanza kujifunza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenifundisha, namna ya kushusha. Kila mtu jimu atakufundisha kunyanyua, ukiuliza namna ya kushusha wanakuona kama unauliza namna ya kushuka kitandani.

Sasa ukitaka kuelewa hili jambo vizuri nenda mwaloni pale Kirumba asubuhi boti zinapotoka visiwani, angalia wale jamaa wanaobeba magunia ya dagaa. Wale wana maneno yao ya kazi. Kuna kutwika, kuna kutua, na kuna kubwaga. Kutua ni mzigo umefika chini na bado uko mikononi mwako, unausindikiza, magoti yanakunjwa, mwenzako anapokea upande mmoja. Kubwaga ni umeuacha uende wenyewe. Gunia la tajiri halibwagwi, ukibwaga dagaa wanasagika na kesho hupewi kazi. Jimu ni hivyo hivyo, ila sisi tumechukua neno moja tu, kuangusha, na kwa sababu tunaona wale wa Olimpiki kwenye simu wanaachia vyuma tunadhani ndo sehemu ya zoezi.

Na hata hao wa Olimpiki wana sheria yao. Mnyanyuaji anasubiri ishara ya waamuzi, alafu anashusha chuma mbele ya mwili, na mikono hairuhusiwi kuachia mpaka chuma kipite chini ya usawa wa mabega. Akiachia kikiwa juu ya kichwa anaharibu mnyanyuo wake. Wale wa pawalifti, ndo wenye dedilifti yao rasmi, wao wamebanwa zaidi, dedilifti ukiiachia bila kuisindikiza kwa mikono miwili mpaka chini inahesabika umeshindwa. Yaani ile kilo 120 yangu ya kwanza kisheria haikuwepo, na glasi nimelipa.

Twende kwenye kazi yenyewe.

Kabla hujagusa chochote kwenye jimu mpya, angalia chini. Sio chini ya miguu yako tu, chini ya jengo. Uliza mwenye jimu au kocha maswali mawili: chini kuna nini, na sehemu ya kuachia vyuma ni ipi. Mji wetu huu kiwanja tambarare ni cha kutafuta kwa tochi, jimu nyingi ziko ghorofani, zingine nyuma ya nyumba za kupanga, zingine kwenye vibanda vya mabati vilivyobanwa katikati ya mawe, kwahiyo usidhani kila sakafu ni sawa. Kama ni vigae, hapo hata sahani ya kilo 5 (yale madude ya duara ya uzito tunayovisha kwenye chuma) usiiache ianguke, kigae kinapasuka na hakina huruma. Kama ni saruji tupu, kitachimbika na chuma kitapata meno. Kama kuna raba nene, iwe zile mati za dukani au ule mkanda mzito wa kubebea mawe mgodini ambao watu wanakata vipande wanatandika, hapo una nafuu, ila nafuu sio ruhusa. Kama kuna jukwaa la mbao lililotandikwa raba pembeni, hapo ndo mahali pa dedilifti nzito na usiende kuvuta kwingine eti kwa sababu kioo kiko upande ule.

Mnisamehe kidogo niingie kwenye hesabu, maana watu wanadhani kishindo kinatokana na uzito peke yake. Dambeli ukiiachia usawa wa mabega, mita 1.4 hivi, inafika chini na spidi ya karibu kilomita 19 kwa saa, ni baiskeli ya mtu mwenye haraka hiyo, na ndani yake kuna kilo 20 za chuma. Kwenye kigae inatakiwa isimame ndani ya milimita chache, ndo maana nguvu yote inapigwa sehemu moja na kigae kinaachia. Kwenye raba inasimama polepole zaidi, ikizama kidogo, nguvu inapungua. Na ukiisindikiza kwa mkono mpaka chini inafika haina spidi yoyote, hapo hata juu ya kigae haileti shida. Kishindo kilichobaki hakipotei, kinaingia kwenye zege, kinashuka na nguzo, kinatafuta shelfu ya mtu.

Vyuma navyo vinatofautiana. Zile sahani za raba tupu, nene, ambazo zote zina kipenyo kimoja cha sentimita 45 hata kama uzito tofauti, zimetengenezwa kuangushwa, hiyo ni kazi yake. Lakini kuwa makini na zile nyembamba za kilo 5, ukiweka moja moja kila upande alafu ukabwaga, zinapinda, maana uzito wote wa baa (sio baa ya kukaa na kreti wakuu, ile fimbo ndefu ya chuma ya kilo 20) unaangukia kwenye raba nyembamba. Sahani za chuma hazibwagwi. Dambeli hazibwagwi, hata zile zilizovaa raba, kwa sababu shingo inalegea, skrubu zinaachia, na siku moja kichwa kinachomoka mtu akiwa ameinua juu ya uso wake. Baa tupu isiyo na sahani ndo kabisa, ukiibwaga inaweza kupinda na ukinunua nyingine utajua bei yake. Na zile za kwetu za zege, makopo ya rangi yaliyomwagiwa saruji na bomba katikati, zile zinapasuka na vipande vinaruka kwenye ugoko.

Dambeli za benchi ndo zinazosumbua wengi kwahiyo ntakaa hapa. Umelala, umemaliza seti ya kifua, umechoka, mikono inatetemeka, na dambeli mbili ziko juu yako. Watu wengi hapo wanapanua mikono pembeni wanaachia pande zote mbili, puu puu. Ukiachia hivyo bega linavutwa nje likiwa limechoka, na ndo namna watu wanapata yale maumivu ya bega ya miezi sita alafu wanasema ni baridi ya ziwani. Tena kama pembeni kuna dambeli nyingine chini, kidole chako kinaweza kukutwa katikati.

Fanya hivi. Ukimaliza ya mwisho, usiwe umeishiwa kabisa, bakiza nguvu ya kushusha, hiyo nayo ni sehemu ya seti. Geuza viganja vitazamane, viwiko vije karibu na mbavu. Nyanyua magoti yote mawili kuja tumboni mpaka mapaja yagusane na vichwa vya dambeli, zikae pale juu ya mapaja karibu na magoti. Sasa una mzigo na mwili kitu kimoja. Sukuma miguu chini, dambeli zitakuvuta mwenyewe ukae wima, kama mtoto kwenye bembea. Ukishakaa, dambeli ziko mapajani, pumua. Simama nazo, inama kwa kupeleka makalio nyuma mgongo ukiwa umenyooka, ziweke chini ukianzia kichwa kimoja kisha kingine. Mara ya kwanza utajiona mshamba, mara ya tatu utaona hata kuzipandisha unatumia njia hiyo hiyo kinyume, unazipiga teke kwa magoti kwenda juu na huhitaji mtu wa kukupa mkononi.

Kama umeishiwa kweli katikati, dambeli haipandi tena, ishushe kifuani, ikumbatie, alafu ita. Neno ni moja tu, "nishikie!" Kwa sauti. Hiyo ni kelele ambayo hakuna atakayekununia.

Dedilifti. Unavuta, umefika juu, sasa usifungue mkono, mikono ibaki imeshika mpaka sahani ziguse sakafu. Peleka makalio nyuma kwanza, chuma kiteleze kwenye mapaja, kikipita magoti ndo unayakunja. Sio lazima ushuke polepole kama unaweka mtoto kitandani, hapana, unaweza kushuka haraka, ila mikono inaongoza. Itasikika, ndio, kilo 140 haiwezi kutua kama unyoya, lakini kuna tofauti kubwa kati ya "dum" na "GRAAAA" na kila mtu jimu anaijua. Kingine, usidundishe. Kuna jamaa wanapiga dedilifti kumi huku chuma kinadunda kama mpira, kila kinachodunda kinamsaidia kupanda, kwahiyo zoezi lenyewe analipunja na sakafu anaiua. Gusa, tulia nusu sekunde, vuta tena.

Kama uzito unaweza kuunyanyua ila huwezi kuushusha bila kuubwaga, huo sio uzito wako bado, punguza kilo 10. Najua hii hampendi.

Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) na benchi la baa ndefu, hapa kuna hatari ya kweli kwahiyo sikiliza vizuri. Kabla ya seti nzito weka zile nondo za usalama kwenye raki (ile fremu inayokaliwa na baa) usawa wa chini kidogo ya pale unapofika. Ukishindwa skwati, shuka na chuma mpaka nondo zipokee, alafu toka mbele. Kubwaga chuma kutoka mgongoni kurudi nyuma kama wale wa kwenye simu ni kwa sahani za raba na nyuma kukiwa wazi kabisa, na kwa jimu zetu nyuma yako mara nyingi kuna mtu anafunga kamba za viatu. Kwenye benchi tafuta wa kukushikia, na mpange kabla: unapiga ngapi, aguse lini, asiguse lini. Hakuna kitu kinachoudhi kama mtu anakushikia huku anaangalia simu, ukisema "chukua" anasema "ee?" Na funga klipu za kubana sahani pande zote, sahani zikiteleza upande mmoja upande wa pili unaruka juu kama mzani wa sokoni, na hiyo ndo kelele kubwa kuliko zote utakayoisikia jimu, nimeisikia mara mbili na zote mbili nilidhani transfoma imelipuka.

Ila maisha yakiwa hatarini bwaga. Mgongo umekata, bega limechomoka, mkono umeteleza, achia chuma ruka pembeni, sakafu tutaongea baadaye. Hakuna mtu mwenye akili atakulaumu. Tunaongelea wale wanaobwaga wakiwa wazima.

Mashine za kamba: usiachie mwishoni vile vibao vya uzito vikagongana, paa! Vinapasuka na kamba inachoka, rudisha taratibu. Basi.

Sasa tuje kwenye sauti za mdomo, hapa watu tunagombana sana. Mimi siko upande wa wale wanaotaka jimu iwe kama maktaba. Ukibeba kitu kizito kweli mwili wenyewe unafunga pumzi, tumbo linakaza kama puto, na huo mgandamizo ndo unaoshikilia mgongo usikunjike, alafu ukivuka sehemu ngumu pumzi inatoka na inatoka na sauti. Huwezi kuizuia na usiizuie. (Wenye presha ya kupanda wakuu, hiyo ya kubana pumzi ongea na daktari kwanza, inapandisha presha kwa muda.) Sauti hiyo ni fupi, inatoka kwenye zile mbili tatu za mwisho, na haina maneno. Nyingine ni ile ya jamaa anayepiga dambeli za kilo 7 na analia kama ng'ombe wa Magu anayepelekwa josho, kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na tano, na kati ya kila moja anaangalia kwenye kioo nani kamwona. Mnamjua. Kila jimu inaye.

Kipimo changu ni rahisi, jirekodi sauti kwenye simu seti moja, isikilize ukiwa nyumbani. Kama mke wako au dada yako akiuliza "nani huyo anaumwa?", punguza. Alafu jaribu kutoa pumzi kwa meno kama tairi linalovuja, fsssss, nguvu ni ile ile na nusu ya kelele imeondoka.

Marekani huko kuna jimu za Planet Fitness, ukutani wana king'ora kabisa, wanakiita Lunk Alarm, ukibwaga chuma au ukiguna kupita kiasi kinapigwa na taa inawaka, kila mtu anakugeukia. Binafsi naona wamezidisha, mtu anaweza kushtuka na king'ora kuliko hata hiyo dambeli. Kwetu king'ora ni yule mzee wa saa kumi na mbili asubuhi, mstaafu, anakuja na taulo begani, ukibwaga anasimama tu anakuangalia mpaka uombe radhi.

Mziki, simu. Spika ni ya jimu, mwenye jimu ndo anachagua, ukitaka zako vaa hedfoni ila sikio moja acha wazi umsikie anayeita. Simu ya mke toka nje ukaongee, ile ya kuweka spika huku umekalia benchi la watu ni dhambi mbili kwa pamoja.

Namna ya kumwambia mtu anayebwaga. Usimrushie neno kutoka upande wa pili wa jimu, utamtia aibu na atabwaga tena kwa makusudi, mi nimeona. Subiri amalize seti, msogelee, anza na kazi yake. Yule dogo wa Nyakato nilimfuata nikamwambia "dogo, bega lako liko vizuri, ila ntakuonesha kitu cha kushusha, utaongeza hata kilo mbili." Akasema "poa kaka, nioneshe." Tukafanya pamoja mara tatu. Kumbe hajawahi kuambiwa, alikuwa anapiga tizi peke yake kwao Sengerema kwenye mchanga, na mchangani unabwaga mpaka uchoke hakuna anayesikia. Kama ni mtu mzima kuliko wewe, shikamoo kwanza, alafu unauliza kama unaomba ushauri: "Samahani mzee wangu, hivi hii sakafu itahimili kweli? Naogopa hawa wa chini." Atajijibu mwenyewe. Na kama ni yule mbabe ambaye hasikii, peleka kwa mwenye jimu, ndo kazi yake, usipigane na mtu mwenye chuma mkononi.

Kwa wanaopiga nyumbani, uwani au kwenye nyumba ya kupanga, nyie ndo mna kazi zaidi kwa sababu hamna hata raba. Nyumba za milimani, Mabatini, Igogo, Isamilo kule juu, ukuta umekalia jiwe na jirani naye kakalia jiwe lile lile, ukibwaga wewe yeye anasikia kitandani. Tengeneza pa kutulia: tandika plaiwudi mbili zilizopishana, juu weka raba nene au matairi ya lori yaliyofunguliwa yakalazwa, upana ukutoshe wewe na sahani pande zote. Makopo ya zege yazungushie mpira wa tyubu wa baiskeli, kaza, mpira unapunguza mlio na ukipasua zege vipande havirukii watu. Na ujue uzito wa unachobeba, zege lita moja ni kama kilo 2.4, kwahiyo kopo la rangi la lita 4 lililojaa ni karibu kilo 10, ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 48, mtu anasema "kandoo tu" alafu kinamshinda kushusha, anabwaga, mwenye nyumba anatoka na kanga.

Muda nao. Saa kumi na moja alfajiri watu wa dagaa ndo wanarudi kulala, manesi wa zamu ya usiku hospitali ya Bugando nao ndo wanajiandaa kutoka, watoto wamelala. Piga mazoezi ya kimya muda huo, pushapu, kamba bila kuruka juu sana, vyuma vizito viache mpaka jua litoke. Usiku baada ya saa tatu hivyo hivyo. Msikitini wakiadhini punguza spika, Jumapili kama umepakana na kanisa ongea nao mjue ratiba ya ibada. Sio hisani tu, kuna kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo na NEMC, wale wa serikali wa mazingira, ndo wanazisimamia, na usiku viwango vinashuka. Lakini kabla ya NEMC utakutana na mwenyekiti wa mtaa, na yeye hana mashine ya kupimia, anapima kwa idadi ya kina mama waliokuja kulalamika.

Siku ya kwanza ukihamia na vyuma vyako pita nyumba mbili tatu za jirani, salimia, sema mimi nafanya mazoezi saa fulani mpaka saa fulani, ikizidi niambieni. Ukimpelekea na sato mmoja mkavu haitakuharibikia kitu. Mimi nilivyofanya hivyo jirani mmoja, bibi wa Kisukuma, aliniitikia wabeja (asante) mwanangu, alafu tangu siku hiyo nikikosa siku mbili ananiuliza kama naumwa.

Mwisho, ukivunja sema. Kigae, kioo, shingo ya dambeli, chochote. Usiisukume ile dambeli iliyolegea nyuma ya raki ukaondoka, kesho itamwangukia mtu usoni. Mwite mwenye jimu mwoneshe, dambeli iliyolegea shingo itengwe pembeni iandikwe hata kwa chaki HAIFAI mpaka ipelekwe kwa fundi wa kuchomelea, na muulize fundi bei kabla hujaacha chuma pale, usipouliza utaenda kukuta anakudai pesa ya kununulia mpya. Kuhusu glasi za kumrudishia mtu uliyemvunjia, dazeni zinauzwa kwenye boksi, omba boksi na lile karatasi lake la kutenganisha, maana ukizibeba kwenye mfuko wa rambo kwenye bodaboda utalipa mara mbili kama nilivyolipa mimi.